Uzi: Kupunguza uzito na msongo wa mwili, lini unashuka na lini unapanda

Daktari Jirani (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Kuna swali linarudi kila wiki, nimeona tulifungulie uzi wake: mtu akipungua uzito, msongo mwilini unapungua au unaongezeka?

Yote mawili hutokea, ila kwa nyakati tofauti. Kilo zikishatoka na mwili ukatulia kwenye uzito mpya, msongo unashuka kweli. Lakini wakati zinatoka, mwili unajua kitu kimoja tu: chakula kimepungua. Hapo unajihami. Wengi wanaoanza kwa kishindo hushindwa katika kipindi hicho, halafu wanajiona hawana nidhamu. Mara nyingi kosa liko kwenye dozi, yaani kiasi cha chakula unachokata.

Mtambo wenyewe unafanya kazi hivi. Haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, ikihisi nishati inayoingia haitoshi, inaiamsha tezi ya pituitari. Pituitari inatuma ujumbe kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga kotisoli, homoni ya msongo. Wakati wa njaa kotisoli inalinda sukari ya damu isianguke: inalihimiza ini litengeneze sukari, na malighafi mojawapo ni protini inayovunjwa kutoka kwenye misuli. Kwa kawaida homoni hii iko juu asubuhi, inapanda zaidi ndani ya dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha inateremka mpaka kufika chini kabisa karibu na usiku wa manane. Njaa kali ikikutana na usingizi mbovu, mteremko huo unavurugika.

Upande wa pili ni mafuta yenyewe. Yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, hayajalala tu. Yanatoa kemikali zinazowasha mchochota wa chinichini, usio na homa wala maumivu. Ndani ya seli za mafuta kuna kimeng'enya kinachogeuza kotisoni, ambayo haina nguvu, kuwa kotisoli kamili. Na unene mkubwa huziweka macho neva za simpathetiki, zile zinazoharakisha moyo na kubana mishipa ya damu. Ndiyo maana mafuta hayo yakipungua, vipimo vya mchochota vinashuka na presha inashuka. Kwa wastani ni kama milimita 1 ya presha kwa kila kilo 1 inayotoka, ingawa watu hutofautiana.

Kwa anayetaka kuona njaa peke yake inafanya nini, kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, la 1944 hadi 1945, chini ya Ancel Keys. Wanaume 36 wenye afya, wasio wanene, walilishwa takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24 huku wakitembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wepesi wa hasira, wenye huzuni, wanahisi baridi muda wote, mapigo ya moyo yakashuka, na fikra zote zikahamia kwenye chakula. Itazameni tena hiyo 1,570. Leo kuna watu wanajipangia 1,000 na mazoezi mara mbili kwa siku.

Goti Imara

Mleta mada ameanza na homoni. Niongeze msongo wa viungo, maana nao ni msongo wa mwili, na wagonjwa wengi wanauhisi kabla ya huo mwingine.

Kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika, ilipimwa kwamba kila kilo 1 inayotoka inapunguza takriban kilo 4 za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Kwa hiyo kilo 5 ni kama kilo 20 kila mguu unapokanyaga. Maumivu ya kudumu yanakata usingizi, na usingizi ukikatika njaa inaongezeka kesho yake, hivyo nafuu ya goti inarudi mpaka kwenye sahani. Ila mwenye magoti mabovu asianzie kwenye kukimbia au kuruka kamba. Aanze na baiskeli isiyotembea, kuogelea, au kutembea tambarare dakika 10 mara tatu kwa siku, na kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara 8 hadi 10 kwa mizunguko miwili. Uvimbe ukionekana kesho yake, punguza muda badala ya kuacha.

Chumvi Kidogo

Wadau, kuna hoja inasambaa kwamba kotisoli ikipanda mafuta hayatoki kabisa, hata ule kidogo namna gani. Ina ukweli? Na kwa nini mizani inagoma wiki nzima kisha inashuka kilo nzima kwa siku mbili?

Chakula na Dozi

@Chumvi Kidogo, hiyo hoja si sahihi, ila naelewa inakotoka. Ukila chini ya unachotumia, mafuta yanatoka. Kinachotokea ni kwamba kotisoli ikikaa juu, figo zinashikilia chumvi na maji zaidi. Mafuta yametoka nusu kilo, maji yameingia nusu kilo, mizani inasoma palepale. Msongo ukipoa, au mtu akila vizuri na kulala vizuri siku mbili, maji yanatoka na namba inaanguka ghafla. Angalia mguu jioni: alama ya soksi iliyozama kuliko kawaida, pete inayobana kidole. Hayo ni maji.

Wiki ya kwanza mambo ni kinyume. Mwili una akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na ini, na kila gramu imeshikana na takriban gramu 3 za maji. Mtu akikata wanga ghafla anaona kilo 1.5 mpaka 2 zimeondoka ndani ya siku chache, anafurahi, halafu wiki ya tatu anavunjika moyo kwa sababu anaendelea kuutarajia mwendo ule.

Kwa hiyo pima hivi: asubuhi, baada ya haja, kabla ya kunywa chochote, kila siku au angalau siku 4 za wiki. Usihukumu namba ya siku moja. Chukua wastani wa wiki, ulinganishe na wastani wa wiki iliyopita. Mwanamke anayepata hedhi alinganishe wiki na wiki ileile ya mzunguko uliopita, kwa sababu siku chache kabla ya hedhi maji huongezeka bila mafuta kuongezeka. Ongeza na tepu ya kiuno, mara moja kila wiki mbili. Kiuno kikipungua wakati mizani imegoma, kazi inaendelea.

Sasa dozi, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Lengo linalovumilika na mwili ni asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito kwa wiki. Mtu wa kilo 90 hiyo ni gramu 450 hadi 900. Usianze kwa kukata, anza kwa kujua unachotumia: andika kila unachokula na kunywa kwa siku 14 bila kubadili chochote, huku unajipima. Kama uzito haukusogea, wastani wa kalori zako ndio matumizi yako. Toa 400 hadi 500 hapo. Kama matumizi ni 2,400, unakula 1,900 au 2,000. Usitoe 1,000 kwa sababu una haraka. Pengo likiwa kubwa, njaa, uchovu na upotevu wa misuli huongezeka pamoja nalo.

Protini ni gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo. Kwa mwenye uzito mkubwa sana tumia uzito anaoulenga: anayelenga kilo 75 atapata gramu 90 hadi 120, zigawe kwenye milo mitatu au minne. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse namba hizi kabla ya kuonana na daktari wake. Mboga na matunda yawepo kila mlo, na usikate wanga na mafuta vyote kwa pamoja. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kutokula mpaka saa 10 jioni, kisha kula kwa hasira mpaka usiku. Jumla ya siku inaweza kuwa ileile, lakini ameshinda anatetemeka na amelala na tumbo zito.

Usiku Mwema

Nakazia suala la usingizi, kwa sababu wengi wanaliweka mwisho wakati linapaswa kuja kabla ya mazoezi.

Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha mwaka 2010 jaribio dogo, watu 10 tu, lakini lilidhibitiwa vizuri. Walikula chakula kilichopunguzwa kwa kiwango kilekile mara mbili, siku 14 kila awamu. Awamu moja walipewa saa 8.5 kitandani, nyingine saa 5.5. Kilo zilizotoka zilikaribiana, kama 3 kila awamu. Tofauti ilikuwa ndani yake: walipolala vya kutosha walipoteza kilo 1.4 za mafuta, walipolala kidogo kilo 0.6, na iliyobaki ikawa misuli na tishu nyingine zisizo mafuta. Njaa nayo iliongezeka. Kwa hiyo mtu anayepunguza kula huku akilala saa 5 anateseka kwa bei ileile na anapata nusu ya bidhaa.

Kwa vitendo: saa ya kuamka iwe moja siku zote, hata siku ya mapumziko. Kahawa, nusu yake inabaki mwilini baada ya takriban saa 5, na kwa wengine zaidi, hivyo kikombe cha mwisho kiwe saa 8 au zaidi kabla ya kulala. Anayepunguza kula huwa anaongeza kahawa ili kuzima njaa, na hapo anajiwekea mtego wa usiku. Ukiamka usiku wa manane moyo unadunda na tumbo linauma njaa, hamisha kalori 150 hadi 200 kutoka mchana kwenda mlo wa jioni, ziwe na wanga na protini, ule saa 2 hadi 3 kabla ya kulala. Fanya wiki nzima ndipo uamue.

Na kukoroma. Mtu anayekoroma kwa nguvu, anakatika pumzi usingizini na kushtuka, anaamka na kichwa kizito na kusinzia mchana, kila pumzi inapokatika mwili wake unamwaga adrenalini. Huo ni msongo wa usiku kucha asioujua. Uzito ukishuka asilimia 10, matukio hayo hupungua kwa kama robo kwa wastani. Ni faida kubwa, lakini robo si yote. Aliyepewa mashine ya kusukuma hewa asiiache kwa sababu suruali imelegea; apimwe upya kwanza.

Kamba na Kengele

Samahani, mimi swali langu ni la mazoezi. Kama mazoezi yanapandisha kotisoli, na kula kidogo kunapandisha, si bora anayepunguza uzito asifanye mazoezi makali kabisa?

Misuli Kwanza

Hapana ndugu, usiyaache. Kupanda kwa kotisoli wakati wa zoezi ni kwa muda na ni kawaida. Limepimwa: dakika 30 za mazoezi kwa asilimia 60 na 80 ya uwezo wa juu wa pumzi ziliipandisha, dakika 30 kwa asilimia 40 hazikuipandisha. Tatizo linakuja mtu anaporundika mazoezi makali siku 6 juu ya pengo kubwa la chakula na usingizi wa saa 5.

Anayepungua anahitaji mazoezi ya nguvu kuliko anavyohitaji jasho, kwa sababu ndiyo yanayouambia mwili misuli bado ina kazi. Siku 2 au 3 kwa wiki, zisifuatane. Kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma (pushapu za ukutani zinatosha kwa anayeanza), kuvuta kitu kuelekea kifuani, na kuinama kwa nyonga ukinyanyua mzigo kutoka chini. Mizunguko 2 au 3, kila mmoja mara 8 hadi 12, uache ukiwa na nguvu ya kurudia mara 2 zaidi. Pumzika dakika 2 kati ya mizunguko. Siku nyingine tembea dakika 30 hadi 45 kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Mazoezi ya kukata pumzi yawe mara 1 kwa wiki, na siku hiyo usile chini ya kawaida.

Kipimo cha bure ni mapigo ya moyo kabla hujainuka kitandani, hesabu sekunde 60. Kadiri unavyopungua yatashuka polepole, hiyo ni habari njema. Yakipanda 7 hadi 10 juu ya kawaida yako siku tatu mfululizo, punguza mazoezi nusu na ulale. Na kuna kushuka kubaya: mapigo yako chini sana, unahisi baridi wenzako wakiwa sawa, unaona giza ukisimama. Huyo hana stamina mpya, huyo hajala vya kutosha.

Chumvi Kidogo

Asanteni sana. Je, kuna haja ya kwenda maabara kupima kotisoli ili kujua kama mpango unamchosha mtu?

Maabara ya Asubuhi

@Chumvi Kidogo, kwa lengo hilo hapana. Kotisoli inabadilika kila saa. Ile ya saa 2 asubuhi inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya usiku na vyote vikawa salama. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha kotisoli inayosomwa kwenye damu bila mgonjwa kuwa na tatizo. Hata hofu ya sindano inaisukuma. Namba moja ya mchana haimwambii mtu kama pengo lake la chakula ni kubwa mno. Njaa, usingizi, mapigo na hasira vinamwambia vizuri zaidi.

Vipimo vya kotisoli (mate ya usiku, mkojo wa saa 24) vinatafuta ugonjwa, hasa ule wa Cushing, ambapo kotisoli huzidi mno mwilini. Dalili zake ni michirizi mipana ya zambarau tumboni, ngozi inayochubuka na kuvia damu kirahisi, mapaja yanayokosa nguvu mpaka mtu anashindwa kuinuka kitini bila kushika, uso kuwa wa mviringo. Ukiona hizo nenda, usijitibu kwa kujinyima chakula. Na anayemeza dawa za steroidi (zinazofanya kazi kama kotisoli) kwa muda mrefu asiziache ghafla ili apungue: adrenali zake zimezoea kupumzika na zinaweza kushindwa kuitikia.

Nafsi na Sahani

Kuna msongo mmoja haujatajwa: kazi ya kuhesabu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wanawake 121 kwa wiki 3. Kula kalori 1,200 kulipandisha kotisoli. Kuhesabu na kuandika kalori, hata kwa wale ambao hawakupunguziwa chakula, kulipandisha hisia ya kuelemewa. Kwa hiyo ni mizigo miwili tofauti, na mtu anaweza kuibeba yote.

Ushauri wangu: hesabu kwa wiki mbili alizosema @Chakula na Dozi, ili jicho lijifunze, kisha hamia kwenye sahani: nusu mboga, robo protini, robo wanga, mafuta kijiko kimoja au viwili. Rudi kuhesabu siku tatu kila baada ya wiki nne kusahihisha jicho. Anayejikuta anakula kwa siri, anajitapisha, anajiadhibu kwa mazoezi baada ya kula, au anaogopa mlo wowote asioupima, aache mpango leo na amuone mtaalamu wa afya ya akili. Hapo kupunguza zaidi kunaongeza ugonjwa.

Daktari Jirani

Nawashukuru wote, uzi umekuwa mzito. Nijazie yaliyobaki, hasa kwa wenye dawa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kundi la sulfonilurea (glibenklamaidi, gliklazaidi, glimepiraidi) aongee na daktari kabla ya kupunguza chakula. Dozi iliyotosha kwa mlo wa jana itakuwa kubwa leo. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita mwili unamwaga adrenalini: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Wengine wanadhani ni msongo tu. Pima, kula gramu 15 za sukari ya haraka, pima tena baada ya dakika 15. Mwenye dawa za presha naye apime nyumbani mara mbili kwa wiki akiwa ameketi dakika 5. Kizunguzungu cha kusimama ni sababu ya kupitia dozi upya, ila usiziache mwenyewe.

Kupungua zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki kwa muda mrefu kunaongeza hatari ya mawe kwenye kibofu cha nyongo. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta yachunguzwe. Nywele zinazotoka kwa wingi miezi 2 hadi 3 baada ya kupungua haraka kwa kawaida huota tena, mradi protini na madini ya chuma viwepo. Hedhi ikikosekana miezi mitatu na hakuna ujauzito, huenda mwili umezima uzazi ili kubana matumizi. Ongeza chakula na umuone daktari, kwa sababu mifupa nayo inaathirika.

Na anayepungua bila kukusudia, asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12, asifurahie wala asisingizie msongo wa mawazo. Achunguzwe tezi ya shingo, kisukari, kifua kikuu, saratani na sonona.

Kamba na Kengele

Mkuu, swali la mwisho. Mtu akifika uzito anaoutaka, ule msongo wa njaa unaisha lini?

Chakula na Dozi

Hauishi siku unayofika. Kwenye utafiti uliochapishwa 2011, watu waliopungua kwa mlo mkali wa wiki 10 walipimwa tena mwaka mmoja baadaye: leptini, homoni ya kushiba kwa muda mrefu, ilikuwa bado chini, na grelini, ya njaa, bado juu. Ndiyo maana uzito hurudi kwa watu wasio wavivu hata kidogo.

Ukifika, usirudi kwenye ulaji wa zamani kwa siku moja. Ongeza kalori 100 hadi 150 kwa siku, kaa hapo wiki moja, angalia wastani wa mizani, ongeza tena, mpaka uzito usimame wiki tatu. Wiki ya kwanza uzito utapanda kilo 1 hivi, ni glaikojeni na maji yake vinarudi, usiogope ukakata tena. Protini na mazoezi ya nguvu vibaki vilevile. Mwenye safari ndefu, wa kutoa kilo 20 au 30, asisubiri mwisho: kila baada ya wiki 8 hadi 12 ale kiwango cha kutopungua wala kuongezeka kwa wiki 2. Usitegemee kipindi hicho kiharakishe uunguzaji wa mafuta, hilo halijathibitika vizuri. Kazi yake ni kupunguza njaa, kurudisha usingizi na kumpa mtu mazoezi ya kushikilia uzito kabla hajafika mwisho. Weka mpaka wako: wastani wa wiki ukizidi kilo 2 juu ya ulipofika, rudi kwenye pengo la kalori 300 mpaka ushuke, kisha simama tena.